Maradhi ya Kazi Katika Kisiwa cha Mombasa: Yaliyoandikwa na Yasiyoandikwa



Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kwamba, baada ya hesabu ya fedha na orodha ya misaada, huwekwa kurasa chache za habari za mji wetu. Mwaka huu Halmashauri imeniagiza niandike juu ya maradhi yatokanayo na kazi, na jinsi yanavyoandikwa au kuachwa bila kuandikwa. Nimeonelea vema kuishika njia ya historia, kwa kuwa jambo hili halionekani likitazamwa kwa mwaka mmoja peke yake.

Ajali huonekana siku ile ile. Kamba ya winchi ikikatika na mzigo kumwangukia mtu, damu yaonekana, watu hukusanyika, serangi huitwa, na karani hutwaa kalamu. Lakini vumbi liingialo kifuani leo huenda likaonyesha kazi yake baada ya miaka 10 au 20, wakati mtu amekwisha kuiacha kazi, tajiri wake amekwisha kufunga ofisi, na yeye mwenyewe amekwisha kusahau ni shehena gani aliyoipakua. Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu yake mwaka 2023, likakadiria kwamba watu 2,930,000 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi. Katika hao, 2,600,000 huuawa na maradhi, na 330,000 huuawa na ajali. Maana yake, kwa kila mtu mmoja auawaye na ajali, karibu wanane huuawa na maradhi. Pamoja na hayo, ukizifungua daftari za nchi nyingi utakuta ajali zimejaza kurasa, na maradhi yamepewa mistari michache tu.

Kwetu sisi habari yafaa ianzie kwenye reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza hapa Mombasa mwaka 1896, na njia ikafika ziwani mwaka 1901. Waliletwa vibarua kutoka Bara Hindi kadiri ya 32,000. Katika hao, kadiri ya 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wamelemaa, wasioweza tena kazi. Hesabu hizi zajulikana kwa sababu moja: watu wale walikuja kwa mkataba, na mkataba ulimtaka mwajiri aeleze kila mtu yuko wapi na lini atarudishwa kwao. Palipokuwa na deni, pakawa na daftari.

Sasa tazameni upande wa pili. Kila mtoto wa shule aijua hadithi ya simba wawili wa Tsavo waliokula watu mwaka 1898, na ngozi zao zilizojazwa zingali zatazamwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Patterson, mhandisi aliyewaua simba wale, aliandika katika kitabu chake cha 1907 kwamba Wahindi 28 waliliwa. Kuhusu Waafrika walioliwa alisema walikuwa wengi, lakini hesabu yao haikuwekwa na serikali. Basi ikiwa mtu aliyeliwa na simba mbele ya kambi nzima hakuandikwa, atawezaje kuandikwa yule aliyekufa polepole kwa homa, kuhara, au kidonda cha mguu kilichooza? Nami naongeza jambo ambalo lanishangaza kila niisomapo habari hiyo: simba wale wawili wakumbukwa dunia nzima, ilhali maradhi yaliyoua watu mara nyingi zaidi kuliko wao hayana hata jiwe la ukumbusho.

Tuje Kilindini. Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1926, meli zilitia nanga katikati ya maji, na mizigo ikashushwa katika tishali na kuletwa pwani, kisha ikachukuliwa mabegani mwa watu. Upande wa Mji wa Kale, katika bandari ya majahazi, mahamali walikuwa na kazi iyo hiyo kwa karne nyingi: tende na chumvi zikiingia, boriti na nafaka zikitoka. Watu wengi wa kazi hizi walikuwa vibarua. Neno lenyewe lafundisha. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti. Zamani za utumwa, mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kufanya kazi ya kutwa mjini alipewa cheti cha siku yake, na ujira akagawana na bwana. Utumwa ukaondoka, cheti kikabaki, na mwisho jina la karatasi likawa jina la mtu.

Mkataba wa kibarua ulikwisha kila jioni. Asubuhi ya pili alikuja akasimama pamoja na wenzake mbele ya serangi, akachaguliwa au asichaguliwe. Mtu aliyeumwa mgongo, au aliyeanza kukohoa kiasi cha kushindwa kupanda ubao na gunia, hakufukuzwa na mtu yeyote. Hakuja tu. Kampuni haikumpoteza mfanya kazi, kwa maana haikuwa naye. Wala si uongo kusema kwamba karani wa zamu hakuficha kitu chochote, kwa sababu katika daftari yake hapakuwa na mahali pa kuandika asiyekuja.

Akisha kushindwa, alikwenda wapi? Yule mwenye kwao alirudi kwao: Giriama, Taita, Ukambani, au mbali zaidi hata Nyanza. Huko alikohoa mwaka mmoja au miwili. Kama alifika zahanati, aliandikwa kifua kikuu, au pumu, au udhaifu. Kama hakufika, watu walisema amerogwa na wenziwe wa mjini waliomwonea kijicho. Kifo chake kikahesabiwa katika wilaya nyingine, kwa jina jingine, na Mombasa ikabaki safi katika vitabu. Hili halikuwa letu peke yetu. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, watu wa Msumbiji, Lesotho na Malawi walirudishwa makwao na mapafu yaliyojaa vumbi la mawe, ingawa nchi ile ilikuwa na sheria ya fidia ya maradhi ya mapafu ya wachimbaji tangu 1912. Ilikuwa hata Julai 2019 ndipo mahakama ya Johannesburg ilipoidhinisha mapatano ya kuwalipa wachimbaji wenye ugonjwa huo, na jamaa za waliokufa, kwa kazi iliyofanywa tangu 1965. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mizigo ya Kilindini ilikuwa ya namna nyingi, na kila mzigo ulikuwa na madhara yake. Saruji huchoma ngozi na kukausha kifua. Magadi kutoka ziwa Magadi huwasha macho na pua. Ngozi za ng'ombe na mbuzi huweza kuchukua kimeta, ugonjwa ambao mchungaji aujua kwa mnyama wake lakini mpakizi hautazamii kwa mwili wake. Gunia la mahindi lilikuwa la kilo 90. Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwaka 1967 kwamba mzigo anaobebeshwa mwanamume mmoja ukipita kilo 55 yafaa upunguzwe upesi iwezekanavyo. Mzee aliyebeba magunia ya namna ile kwa miaka 15 hahitaji daktari wa kumwambia kwa nini hawezi kuinama kutia maji ya kutawadha, lakini hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba mgongo wake ulivunjwa na kazi.

Hapa yaweza kuulizwa: je, wafanya kazi wenyewe hawakulalamika? Walilalamika, tena kwa nguvu. Mombasa iligoma mwaka 1934, ikagoma tena 1939, na mwezi wa Januari 1947 mji mzima ukasimama, watu kadiri ya 15,000. Mwaka 1955 makuli wa Kilindini waligoma tena, na marehemu Tom Mboya akaja kuwasaidia katika mapatano hata wakaongezewa mshahara. Serikali ilituma tume za uchunguzi, ya Willan mwaka 1939 na ya Phillips mwaka 1945. Yaliyotangulia katika madai na katika majibu yalikuwa mshahara, nyumba na bei ya chakula. Siwalaumu wazee wetu hata kidogo. Mtu asiye na pa kulala hadai fidia ya kikohozi kitakachomjia baada ya miaka 10. Lakini ndivyo maradhi ya kazi yalivyopita kando ya migomo yote ile, na katika nchi hii kilichodaiwa kwa sauti ndicho kilichoandikwa.

Jambo moja lilibadilika bila kukusudiwa kwa ajili ya afya. Kuanzia mwaka 1954 watu wa bandarini waliandikishwa katika daftari moja, wakatakiwa kufika kazini siku maalumu kila mwezi, na kidogo kidogo kazi ya kutwa ikageuka kuwa kazi ya mwezi. Nia ya wakubwa ilikuwa kupata nguvu kazi tulivu isiyogoma. Lakini mtu akikaa mahali pamoja miaka 20, ugonjwa wake hukosa pa kujificha. Nadhani ndiyo maana wazee wetu wengi wanaokumbuka majina ya wenzao walioumwa ni wale walioingia kazini baada ya mwaka ule.

Sasa habari ya sheria, ambayo nitaipitia kwa haraka. Uingereza ilianza mwaka 1895 kuwalazimisha madaktari kutoa habari za wafanya kazi waliodhuriwa na madini ya risasi, fosforasi, zaranikhi, na kimeta. Mwaka 1925 mkutano wa kazi wa Geneva ulitoa mkataba wa fidia kwa maradhi ya kazi, nao ulitaja maradhi matatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki, na kimeta. Katika safu ya kimeta zilitajwa kazi zinazoweza kuuleta, na mojawapo ni kupakia, kupakua na kuchukua bidhaa. Basi tangu mwaka 1925 kuli wa bandarini alikuwa amekwisha kuandikwa katika karatasi kubwa ya dunia, wakati ambapo katika daftari ya bandari yake mwenyewe alikuwa cheti cha kutwa. Kwetu Kenya, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitungwa sheria ya fidia kwa wafanya kazi. Kisha Sheria ya Viwanda ya 1950, iliyoanza kutumika 1951. Na mwaka 1962 kanuni za bandarini, ambazo zahusu sana ngazi, minyororo na winchi, yaani ajali. Mwaka 2007 zilitungwa mbili mpya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Maradhi yamo ndani ya hii ya pili, ingawa jina lake lataja majeraha peke yake. Hata mlangoni ajali imetangulia.

Si kweli, basi, kwamba sheria haiko. Sheria yamwagiza mwajiri apeleke habari, na yamwagiza daktari amwonaye mgonjwa ambaye adhani amepata ugonjwa wake kazini, naye apeleke habari. Tatizo ni kalamu iko mkononi mwa nani. Mwajiri akiandika, ajiandikia deni. Daktari hawezi kudhani asichokiuliza. Mtaliano mmoja, Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena, aliandika kitabu mwaka 1700 juu ya maradhi ya mafundi na wafanya kazi, akawashauri matabibu waongeze swali moja katika maswali yote wamwulizayo mgonjwa: kazi yako ni ipi? Imepita miaka zaidi ya 300. Mwanachama yeyote wa Chama hiki aliyewahi kupanga foleni katika zahanati yenye watu mia aweza kusema mwenyewe kama aliulizwa swali hilo. Daktari ana dakika chache, mgonjwa akohoa, apewa dawa ya kikohozi, na anayefuata aitwa.

Na mgonjwa naye hunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wao walimfikiria mtu afichaye kwa haya. Huyu wetu huficha kwa hesabu. Ajua kwamba akisema kifua chamwuma atahamishwa kazi nyepesi yenye mshahara mdogo, au ataambiwa apumzike, na kupumzika kwa mtu wa kutwa ni kulala na njaa. Ana watoto shuleni. Kwa hiyo huchagua kukohoa nje ya lango.

Mji wa Kale una shida yake ya pekee, kwa kuwa wengi humo hawana mwajiri. Fundi wa milango ya nakshi ajiajiri mwenyewe au afanya kazi kwa mjomba wake. Vumbi la mvule lajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi, na maseremala wa zamani walilijua hilo kabla ya vitabu, ndiyo maana baadhi yao walijifunga kitambaa usoni. Sonara huvuta moshi wa tindikali katika chumba kisicho na dirisha. Kalafati hugonga pamba katika mbao za jahazi tangu utoto, na uzeeni asemezwa kwa sauti kubwa, watu wakidhani ni uzee. Nani atapeleka habari za hawa? Sheria yamtafuta mwajiri, na mwajiri ni mgonjwa mwenyewe, au baba yake aliyekwisha kufa kwa kikohozi kile kile.

Kesi iliyotoa jambo hili hadharani kuliko zote haikutokea Kisiwani bali bara yake, ukivuka Makupa na kupita Changamwe kuelekea Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru. Hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Risasi, kumbukeni, ndiyo iliyo ya kwanza katika ile orodha ya maradhi matatu ya 1925. Miaka 82 ilikuwa imepita, na hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba hatari yake haijulikani.

Tena tazameni njia ambayo habari ilipitia. Haikutoka katika daftari ya kiwanda. Bi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009 katika kazi ya ofisi. Mtoto wake mchanga akaugua, dawa za kawaida zisimfae, na damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Yeye akaiacha kazi, akaanza kuwatafuta majirani na kuwauliza hali za watoto wao, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Wanakijiji wakaenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Haki hii ilidaiwa kama haki ya mazingira safi, ambayo imo katika Katiba ya 2010. Ilishinda kwa sababu ya hewa, maji na damu za watoto. Wale waliosimama karibu zaidi na tanuri, waliovunja betri na kuchochea moto, walikuwa na sheria mbili za 2007 za kuwalinda, zenye umri sawa na kiwanda chenyewe. Njia ile ya wafanya kazi haikuileta sumu kwenye nuru. Aliyeileta ni mama aliyeuliza swali la Ramazzini kwa kinyume chake: alianza na ugonjwa wa mtoto, akarudi nyuma hata akafika kwenye kazi yake mwenyewe.

Nimeyatazama haya yote pamoja na daftari ya wagonjwa ya Chama chetu. Daftari hiyo ilipigwa mistari na waliotutangulia kwa kazi ya misaada, na kwa kazi hiyo yafaa sana: jina, mtaa, tarehe ya kutembelewa, fedha iliyotolewa, na kama ni msiba, gharama ya sanda au ya kusafirisha maiti. Kazi ya mgonjwa haimo. Chama kimewazika watu wa bandarini, watu wa ghala za Shimanzi, wapishi, makalafati na wachomeaji vyuma, na katika daftari wote wamelala sawasawa, kila mmoja na tarehe yake.

Halmashauri imekubali kuleta mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo la kuongeza safu tatu: kazi aliyoifanya mgonjwa, mahali alipoifanya, na kwa miaka mingapi. Mwenye kutembelea wagonjwa atauliza mambo hayo matatu baada ya salamu na kabla ya kutoa bahasha, naye atayaandika hata kama mgonjwa asema ugonjwa wake hauhusiani na kazi. Pale ambapo watu wawili au zaidi wa kazi moja wataonekana kuwa na ugonjwa mmoja, Katibu atapeleka barua kwa afisa wa usalama na afya kazini, bila kutaja jina la mgonjwa ila kwa ruhusa yake, na nakala itawekwa katika faili la Chama.

Vilevile wazee waliofanya kazi Kilindini, katika bandari ya majahazi, au katika karakana za Mji wa Kale waombwa kufika ofisini siku ya Jumamosi baada ya Alasiri, au kutuma mtoto aje aniite nyumbani kwao. Hawahitaji kuja na vyeti. Majina ya wenzao waliofanya nao kazi, na namna kila mmoja alivyougua, yatosha kuanzia. Daftari ya pili imekwisha kununuliwa, yenye kurasa 200.